Hakuna Aliyemwambia Aende Kwake

Asubuhi ile Générose alikaa akaruka. Kiti kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi, na ofisi ilikuwa bado tupu.

Kilikuwa kiti cha marehemu Germain. Miaka tisa alijaza karatasi za forodha katika wakala ule wa bandarini Kalemie, kila siku mpaka saa tatu usiku, hadi moyo ukasimama akiwa mezani. Générose alipewa nafasi yake, na saa zake pia. Alipoomba malipo ya ziada, bosi, Papa Onésime, alicheka.

"Mama, nilikuandika kadre. Kadre hana saa za ziada."

"Kadre ni mwenye kuongoza bantu, Papa. Mimi naongoza nani? Makaratasi?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Onésime alikwenda kula.

Jioni hiyo, saa kumi na moja, Générose alitaka kuondoka akamnyonyeshe mwanawe wa miezi mitano. Miguu ilikataa. Mhuri ukaanza kugonga mkononi mwake, to, to, to, bila yeye kutaka, harufu ya ndakala, dagaa wa ziwani, waliolala ikapanda kutoka chini ya meza, na nyuma ya shingo yake mtu asiyeonekana akawa anapumua kwa shida na kuhesabu karatasi, moja baada ya nyingine, huku maziwa yakimlowanisha blauzi na sauti ikikataa kutoka, mpaka ilipofika saa tatu kamili ndipo alipoachiwa. Ikawa hivyo siku nne. Mtoto akaanza kukonda.

Générose alimwendea Mama Mado, mjane wa Germain, akamsimulia yote.

"Njo yeye, bwana yangu," mjane alinong'ona. "Siku ya kumuzika tulisimamisha sanduku kwenye mulango ya biro, pale kazini yake. Ni desturi: patron anapashwa kutoka, aseme: kazi imeisha, enda kwako. Na amulipe saa zake. Onésime alifunga mulango. Bwana yangu anafikiri angali kazini."

Générose alimpelekea Onésime maneno hayo. Onésime aliogopa kupoteza karani mwingine, basi jioni akaja, akasimama mbele ya kile kiti alichokalia Générose.

"Germain, kazi imeisha. Enda kwako."

Kisha sauti ya chini, ya heshima, kutoka kwenye kiti:

"Na saa zangu, patron?"

"Ulikuwa kadre."

Taa ikafifia, Générose akasukumwa kando kwa mikono baridi isiyo na hasira, na Onésime akavutwa hatua kwa hatua, viatu vikikwaruza sakafu, akiita jina la Yesu na la mama yake, akakalishwa, mhuri ukaingia kiganjani mwake ukaanza kugonga. Générose alikimbia. Hakuona haya kukimbia. Nyumbani alimshika mwanawe akalia.

Asubuhi alimkuta bosi palepale, macho mekundu, vidole vimevimba, mhuri ukigonga meza iliyoishiwa karatasi.

"Mama Générose," alisema kwa sauti iliyokauka, "uniambie niende kwangu. Neno moja tu."

"Nitasema, Papa. Lipa kwanza saa za Papa Germain. Miaka tisa. Mama Mado iko anangoja inje."

Papa Onésime alifumba macho, akaanza kufikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, na mkono wake uliendelea kugonga.