Kisahani Kilichokaa Juani

Kila asubuhi ya likizo ile Demetria alinawa uso, akanywa chai bila kuhisi kama ina sukari, kisha akaondoka Tegeta na shangazi yake, Kokushubila, kwenda maabara anakofanya kazi. Nyumbani hapakuwa na wa kushinda naye. Mama alikuwa amerudi kazini, na kaka yake, Albano, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa selimundu mwezi uliopita. Watu walimwambia, "Pole, jikaze." Aliitikia, "Asante." Ndani yake palikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Shangazi alikuwa mtafiti. Alitengeneza vifuko vya mafuta, vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vya kubeba jeni nzima, isiyo na kasoro, na kuiingiza kwenye seli za mgonjwa kama Albano. Jeni hiyo aliitia rangi inayong'aa kijani chini ya taa ya hadubini, ili ajue imefika wapi.

"Ikiwaka ndani ya seli, imeingia," alimweleza Demetria. "Isipowaka, mafuta yetu yameshindwa kazi."

Siku moja hadubini ilikuwa na mtu mwingine. Shangazi akaweka kisahani cha seli, kimefungwa kwa foili, juu ya meza ya ofisi.

"Usikifungue, mwanangu. Rangi hii inaharibiwa na mwanga."

Alipotoka, Demetria akakifungua. Hata hamu hakuwa nayo. Mikono ilijiendea tu. Aliona kimaji kisicho na rangi. Akakiacha wazi dirishani, jua likikipiga, naye akalaza kichwa mezani. Aliposikia viatu vya shangazi, akakifunga upesi.

Shangazi aliangalia kwenye hadubini kwa muda mrefu. Giza tupu.

"Mafuta haya hayafai," alimwambia mwenzake, Valerian. "Tuyaache, tuanze mengine."

"Kazi ya mwaka mzima, Koku?"

"Tufanyeje? Hakuna kilichowaka."

Demetria alisimama mlangoni. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Alingoja aogope, lakini hofu haikuja. Alimkumbuka tu Albano akijikunja kitandani, akiuliza kama kuna dawa.

"Shangazi, nilifungua ile foili. Kisahani kilikaa juani."

Valerian akashusha pumzi. Shangazi alikunja uso.

"Kwa nini ulifungua?"

"Sijui."

Jaribio likarudiwa. Safari hii Demetria aliketi mapokezi, mbali na meza ile, mpaka alipoitwa. Aliweka jicho kwenye hadubini. Vidoa vya kijani vilikuwa vimejaa ndani ya seli.

"Albano angepona?"

"Sijui, mwanangu. Hii inaonyesha jeni imeingia, basi. Dawa bado iko mbali." Shangazi akamshika bega. "Ulikosea kufungua, na nilikasirika. Lakini ungenyamaza, tungetupa kitu kizuri tukidhani ni kibaya, na wagonjwa ndio wangeumia. Ukikosea, sema, hata kama unajua utagombezwa."

"Nimesema, lakini sijisikii chochote, shangazi. Hata furaha."

"Furaha itakuja siku yake. Hukuingoja ili useme kweli, na hilo linatosha."