Uliza Kabla Hujachimba

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na vyumba pande tatu. Upande wa nne kulikuwa na geti la bati. Katikati kulikuwa na uwanja wa wazi, nasi tukiuita uani. Baba yetu, aliyekuwa seremala, aliijenga chumba kimoja kimoja, kila alipopata fedha. Ndiyo maana hakuna milango miwili iliyofanana.

Sisi tuliishi vyumba vya mbele. Wapangaji waliishi vya nyuma.

Hata leo nikifumba macho naisikia asubuhi ya uani. Kwanza ndoo zinagongana bombani. Kisha redio inaanza kuongea. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyetengeneza redio mbovu za watu. Sote tulimwita Mzee Redio. Jirani yake alikuwa Mama Pacha, aliyefua nguo za watu. Kamba zake zilikatiza uani kila upande. Tulipita tumeinama, kama watu wanaomsujudia mfalme.

Mama alikaa barazani na cherehani yake. Baba alipofariki, cherehani hiyo na kodi ya vyumba ndivyo vilivyotulea mimi na kaka yangu. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu akichelewa kulipa, Mama alimwuliza kwanza kama watoto wamekula.

Nasimulia mambo ya zamani. Wakati huo mimi nilikuwa nimeanza kazi ya uuguzi. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori.

Msimu mmoja wa mvua, ukuta wa nyuma ulianguka. Ilikuwa mchana. Nilisikia kishindo, kisha vumbi likajaa uani. Redio ilinyamaza.

"Mzee Redio!" Mama alipiga kelele. "Mzee Redio!"

"Niko chooni!" sauti ilijibu. "Kwani kuna nini?"

Tulicheka huku machozi yanatutoka. Kitanda chake kilikuwa chini ya matofali.

Mhandisi wa jiji alikuja. Aligonga kuta moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa. "Nyumba hii imechoka," alimwambia Mama. "Ukuta mwingine ukianguka, huenda mtu asiwe chooni. Ibomoeni, mjenge upya."

Habari zilienea haraka. Haukupita muda mrefu, mfanyabiashara mmoja alikuja kutaka kiwanja chetu. Alitaka kujenga ghala.

"Mama, tuuze," kaka alisema. "Tutafute kanyumba nje ya mji, upumzike."

"Na hawa watakwenda wapi?"

"Hawa ni wapangaji, Mama. Si ndugu zetu."

Mama aliacha kushona. "Ulipovunjika mguu, nani alikubeba mgongoni mpaka hospitali? Nenda kamwambie Mzee Redio kuwa si ndugu yako."

Kaka aliangalia chini. Hakwenda.

Mama alikuwa na wazo lake. Alitaka kujenga nyumba ya ghorofa moja, vyumba chini na juu, ili wapangaji wote warudi. Chama cha akina mama cha kuweka na kukopa kilikubali kumkopesha. Ng'ambo ya barabara aliishi dada mmoja aliyefanya kazi ya kuchora ramani za majengo. Tulimwita Dada Rula, kwa sababu rula yake ilichomoza kwenye mkoba kila alikokwenda. Yeye ndiye aliyetuchorea ramani.

"Niachie uani wangu katikati," Mama alimwambia. "Nyumba bila uani ni sanduku tu."

Kisha kaka alikwenda jijini, kwenye ofisi za halmashauri, kuulizia kibali. Alirudi amekunja uso.

"Kuna ada ya kukagua ramani," alisema. "Kuna ada ya kibali cha ujenzi. Kuna ada ya kuunganishwa na bomba la maji taka. Ukizijumlisha zote, msingi umeliwa kabla hatujanunua tofali."

Mama alikunja kitambaa alichokuwa akishona. Mwisho alisema, "Basi itabidi kodi ipande."

Mama Pacha alikuwa akianika nguo karibu yetu. Alichukua shuka alilokwisha kulikamua, akalikamua tena.

Kaka alisogeza kiti. "Kuna fundi ninayemfahamu. Anasema tujenge kimyakimya bila kibali. Nyumba ikishasimama, nani atatubomolea?"

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa amechoka. Kaka akadhani kimya kile ni ndiyo.

Jumamosi asubuhi fundi alifika na vibarua wake. Walikuwa na sururu na makoleo. Walianza kupima na kufunga kamba palipoanguka ukuta. Mama alisimama mlangoni, khanga begani, kama mgeni nyumbani kwake.

Mara geti likafunguka kwa kishindo. Dada Rula aliingia mbio. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine kiatu.

"Fundi, weka sururu chini! Mama, kibali kimetoka?"

"Bado, mwanangu. Ada zimetushinda."

"Basi wasichimbe. Hawa wapangaji wenu, mtawarudisha?"

"Nilitaka warudi wote, kwa kodi wanayoiweza. Lakini kwa ada zile nitaweza wapi?"

Dada Rula alijishika kichwa. "Mbona hamkuniambia? Mimi nilidhani mnajenga vyumba vya bei kubwa. Mama, jiji lina msamaha wa ada kwa anayejenga nyumba za gharama nafuu!"

Kaka alicheka. "Jiji lisamehe fedha? Tangu lini?"

"Sikiliza, kaka yangu. Nani anafagia barabara za mji huu? Nani anauza sokoni, nani analinda mageti? Watu hao wanahitaji pa kulala. Jiji haliwezi kuwajengea wote. Kwa hiyo linamwambia mwenye kiwanja: wewe jenga nyumba ya watu wa kipato kidogo, mimi nitakusamehe ada. Linapoteza ada, linapata nyumba."

"Na kuchimba kuna ubaya gani?" fundi aliuliza. Bado alikuwa ameshika sururu.

"Msamaha huombwa kabla ya ujenzi kuanza. Ukishachimba bila kibali, husamehewi. Unapigwa faini, na nyumba inaweza kubomolewa."

Mama alishuka barazani. Alikwenda hadi kwenye ile kamba, akaifungua mwenyewe. "Fundi, nisamehe kwa usumbufu," alisema. "Nitakuita siku kibali kikitoka. Na kama hutaki kujenga kwa kibali, basi nitamwita mwingine."

Fundi aliangalia kaka. Kaka aliangalia angani. Vibarua wakabeba makoleo yao.

Jumatatu tulikwenda jijini sote wanne, mimi, Mama, kaka na Dada Rula. Afisa wa nyumba alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kuongea polepole. Alimpa Mama kiti.

"Mama, msamaha upo," alisema. "Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Zaidi ya nusu ya vyumba lazima wapewe watu wa kipato kidogo. Kodi ya vyumba hivyo isizidi kiwango kilichowekwa na jiji. Kila mwaka tutakuja kuangalia. Utafungwa na masharti hayo kwa miaka kumi."

"Miaka kumi!" Kaka aliruka. "Mji ukikua? Kodi za majirani zikipanda? Tutakuwa tumejifunga kamba wenyewe."

"Ni kweli," afisa alijibu. "Sitakuficha. Mkivunja masharti, mtalipa ada zote mlizosamehewa, na faini juu yake. Kama unaona kamba inabana, usiivae."

"Na ukaguzi wa ujenzi je?" niliuliza. "Nao mnasamehe?"

"Hapana, dada. Jiji linasamehe ada, halisamehi nondo. Mkaguzi atakuja kwenye msingi, atakuja kwenye zege la juu, na atakuja mwisho kabla hamjahamia. Nyumba ya mtu maskini nayo inatakiwa isimame."

Mama alimgeukia kaka. "Mwanangu, tangu nilipoolewa nawatoza watu kodi ndogo. Hakuna aliyenisamehe chochote. Leo jiji linataka kunisaidia nifanye jambo ninalolifanya kila siku. Wewe unaona kamba. Mimi naona mkono."

Kaka alisogea karibu na meza. Kisha akamwuliza afisa, "Tunaanzia wapi?"

Tulipeleka ramani, hati ya kiwanja na maelezo ya wapangaji wetu, kazi zao na vipato vyao. Tuliitwa tena mara mbili kurekebisha ramani. Dada Rula alirekebisha bila kunung'unika. Mwishowe kibali kilitoka, na msamaha wa ada pamoja nacho.

Siku ya kuhama ilikuwa ngumu. Mama Pacha alikunja kamba zake akaziweka ndani ya beseni. Uani ukaonekana mkubwa ghafla. Mzee Redio alikwenda kukaa kwa binti yake. Alipofika getini aligeuka, akaangalia vyumba vyote.

"Mke wangu alikufa chumba kile," aliniambia. "Nikirudi nitakuta kipya. Nitamkumbukia wapi?"

Nilimshika mkono tu, tukatoka pamoja hadi barabarani. Nyumba ya baba ilibomolewa kesho yake. Mama hakutaka kuangalia. Mimi niliangalia. Mlango wa chumba chetu ulianguka wa mwisho.

Ujenzi ulichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Mara moja mkaguzi alikataa zege, ikabidi lirudiwe. Kaka alikasirika, kisha akatafuta fundi mwingine, mwangalifu zaidi. Kila aliporudi kutoka safari za lori, alipita kwanza kwenye ujenzi kabla ya kwenda kuoga.

Nyumba ikaisha. Ilikuwa na vyumba vyenye madirisha mapana, vyoo safi ndani, na uani katikati. Wapangaji karibu wote walirudi. Mama Pacha alipata chumba cha juu, akawa anaanika nguo kwenye upepo. Mzee Redio alipata cha chini, jirani na Mama. Jioni ya kwanza alisimama katikati ya uani kwa muda mrefu.

"Ni hapahapa," alisema mwisho. "Tulikuwa tukikaa hapahapa na mke wangu, tunapunga upepo." Akaenda kuleta kiti.

Siwezi kusema kila kitu kilirudi kama zamani. Milango sasa inafanana yote. Bomba moja limekuwa mabomba mengi, na ndoo hazigongani tena. Asubuhi nyingine nazikumbuka kelele zile. Lakini mvua ikinyesha, hakuna anayeangalia ukuta.

Miaka ilipita. Kodi za mtaa mzima zilipanda, zetu zikabaki palepale. Watu wengi wa zamani wa mitaa ya jirani walihama, wa kwetu hawakuhama. Kuna siku mtu mwenye gari zuri alisimama getini, akamwahidi kaka kodi mara mbili kwa chumba cha Mama Pacha.

"Haiwezekani," kaka alisema. "Tulikubaliana na jiji."

"Jiji litajuaje?"

"Mimi nitajua," kaka alijibu, akafunga geti.

Wiki hiyohiyo alikuja mjane wa mtaa wa pili. Nyumba yake ilikuwa imepata ufa, na yeye pia alikuwa na wapangaji wa siku nyingi. Mama alikuwa amelala. Nilitaka kumwelezea mambo yote mimi, lakini kaka alinitangulia. Alimvutia kiti uani.

"Shangazi, umeshachimba?"

"Bado. Fundi anakuja kesho."

"Mwambie asije. Kesho mimi na wewe tunakwenda jijini. Huenda wana msamaha wa ada, huenda masharti yamebadilika, sijui. Tutauliza dirishani. Kuuliza hakulipiwi ada."

Kesho yake hakupeleka lori safari. Alivaa shati lake zuri, akamsubiri shangazi getini tangu asubuhi.