Nukta Tatu Kwenye Kiwiko

"Kiota kwa Kunguru. Mzigo umetoka Jamhuri. Probox nyeupe. Usiuache."

"Kunguru amesikia."

Zedekiah akaikanyagia Subaru mafuta. Saa nne asubuhi, Waiyaki Way, bastola ya Glock imembana mbavuni.

Ndani ya Probox mlikuwa na viwiko viwili vipya vya ekzosi, mabomba yaliyopinda ya kutolea moshi, vya boti ya doria ya Ziwa Victoria. Vile vya zamani vilikuwa vimeliwa na kutu. Jioni hiyo boti ingetoka na watu sita kuzuia bunduki za magendo. Kuna mtu hakutaka wafike.

Kiwiko kikitoboka, moshi wa dizeli hauendi nje. Unaingia chumbani na kuwalaza watu kimya kimya.

Ndivyo alivyokufa rafiki yake Lenox, ndani ya boti kama hiyo, miaka mitatu iliyopita. Ripoti ikasema ni uzembe wake. Wakubwa wakala wali wa matanga, wakapanda magari yao, wakaenda. Zedekiah hakusahau hata rangi ya magari hayo.

Probox ikakata kona Kinoo, ikaingia karakana. Dereva akashuka.

Mbugua.

Mzee aliyemfundisha kushika spana. Mzee aliyebeba jeneza la Lenox, upande wa kichwa.

"Kunguru, umemtambua?" Peres, mkuu wake, aliuliza redioni.

Zedekiah akazima redio, akawasha kalamu ya kurekodi mfukoni.

Alipoingia, Mbugua alikuwa anafunga sanduku.

"Zed! Niaje, kijana wangu? Karibu chai."

"Fungua hiyo sanduku, mzee."

"Ni vitu za kiwanda hizo. Mpya kabisa!"

Zedekiah akafungua mwenyewe. Rangi ya fedha iling'aa. Akagonga kiwiko kwa spana.

Chuma kipya hulia. Hiki kilisema pwa, kama boga lililooza.

Kando ya matundu ya bolti kulikuwa na nukta za patasi. Moja. Mbili. Tatu. Mbugua alizipiga kila alipofungua kifaa, ili kila bolti irudi tundu lake. Hakuna kiwanda kinachofanya hivyo. Hivi vilikuwa vile vya zamani, vimepakwa rangi.

"Kiwiko ya Lenox niko nayo kwa nyumba," Zedekiah alisema. "Ina nukta hizi hizi. Nikajiambia, mzee aliifunga ikiwa nzima."

Mbugua akakaa kwenye tairi. "Wangeniua, Zed. Joash wa Karen, mwenye hizo bunduki, hachezi na mtu."

"Na hiyo gorofa umejenga hapo nyuma? Alikutisha mpaka ikafika orofa ya nne?"

Mkono wa mzee ukazama kwenye sanduku la vifaa. Ukatoka na bastola.

Spana ikaruka.

Kifundo cha mkono wa mzee kikalia. Bastola ikadondoka ndani ya pipa la oili chafu, na pingu zikafunga kabla mzee hajamaliza kupiga kelele.

"Ulikuwa unaua watu sita, na bado unaweka nukta?"

"Mkono umezoea," Mbugua akanong'ona.

Viwiko vizima vilikuwa chini ya turubai. Zedekiah akavigonga kimoja kimoja. Vikalia.

Akawasha redio. "Kiota. Mzigo ninao, na dereva ni Mbugua, nimemfunga pingu. Jina la mkubwa wake pia ninalo, limerekodiwa: Joash wa Karen."

"Vijana wanaenda kwake, na wengine wanakuja kumchukua mzee," Peres alijibu. "Lakini nani atafunga hivyo viwiko? Fundi wetu alikuwa Mbugua."

"Nitafutieni ndege ya Kisumu. Nitafunga mimi."

"Zed," mzee aliita, "usisahau kuweka alama kwa bolti."

Patasi ilikuwa mezani, mpini umelainika kwa kiganja cha miaka thelathini. Zedekiah akaiangalia. Akaiacha hapo hapo, akachukua kipande cha chaki cha kuwekea alama, akatoka juani na viwiko viwili kwapani.

Hakugeuka.