Sauti Iliyoitikia Hodi

Abdulmajid alifika nyumbani Mkuyuni magharibi inaingia, mkononi mfuko wa dawa za mama yake, moyoni hasira tupu. Njia nzima simu ilikuwa ikimletea ujumbe uleule: Mtu mlangoni. Mlango umefunguliwa. Akitazama kamera, haoni mtu. Hata paka!

Mitambo hiyo aliifunga mwenyewe. Mama yake, Bi Zuleha, alivunjika nyonga, hashuki kitandani, na dada yake Rehema hushinda shambani. Basi akaweka mlangoni kidude cha kuhisi mtu. Kikihisi tu, spika inasema "Karibu" kwa sauti ya Abdulmajid, na komeo linafunguka. Kingine akakiweka chumbani kwa mama, taa iwake mtu akisogelea kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo lidude lako la mlangoni limekaribisha tena," Bi Zuleha alinong'ona. "Giza likiingia hatuitikii hodi hivihivi, Majidi. Tunauliza, nani? Asipojitaja, tunanyamaza. Hilo lako haliulizi."

"Ni popo tu, mama."

"Popo anapiga hodi?"

Swali hilo likamuudhi zaidi. Ofisini mjini kompyuta zote zinamtii, halafu mlango wa mama yake unamshinda! Alishabadilisha kidude, akaandika amri upya. Wapi! Akamfungia mama mlango wa chumba apumzike, akakaa sebuleni na kompyuta yake. Uani, Rehema alikuwa akitwanga.

"Hodi..."

Sauti ya chini, ya kike. Harufu ya udongo uliochimbuliwa ikapenya ndani.

"Karibu," spika ikajibu.

Kacha! Komeo likafunguka, mlango ukasukumwa taratibu. Nje hapakuwa na mtu. Migomba ilikuwa imetulia tuli.

Abdulmajid aliogopa, na kuogopa kukampandisha hasira. Akafuta amri zote za mlangoni. Akaing'oa spika ukutani na waya wake. Akafunga komeo kwa mkono, akasubiri.

Kimya...

Kimya...

"Nimelikomesha, mama!" akapaza sauti, karibu acheke. "Husikii? Hakuna hodi tena!"

"Majidi..." Sauti ya mama ilitoka chumbani, nyembamba. "Si umeshamkaribisha? Apige hodi ya nini?"

Simu ikatetemeka mfukoni.

Mtu chumbani. Taa imewashwa.

Mwanga ukachomoza chini ya mlango wa mama. Uani, mchi wa Rehema uliendelea kutwanga.

"Mama... umesogea?"

"Nitasogeaje, mwanangu? Kuna mtu amenikalia miguuni."

Abdulmajid akaukimbilia mlango. Spika ilikuwa bado mkononi mwake, waya unaning'inia. Kabla hajagusa kitasa, sauti ikatoka kule ndani, ya upole, sauti yake yeye mwenyewe.

"Karibu."