Zamu Yenu ya Kujificha

Haya yalimkuta mama mdogo wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja. Ameyasimulia mara moja tu, mchana, akiwa amekaa karibu na mlango ulioachwa wazi. Nami nayasema kama alivyoyasema, sikuongeza chumvi.

Mama mdogo alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa, ughaibuni. Si pasi hii ya mkono. Yake ilikuwa mashine ndefu yenye magogo mawili ya moto. Unailisha shuka upande huu, linatoka upande wa pili limenyooka kama karatasi. Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na chumba kimoja ghorofa ya nne, viatu vizuri vya kusimamia, na simu ya kuongea na mama, aliyebaki nyumbani, kila Jumapili.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, simu ikaita. Namba ngeni.

"Sindano!" sauti ya kike ikapiga kelele. "Bado mwembamba hivyohivyo?"

Hakuna aliyemwita Sindano tangu shule ya msingi. Ilimchukua muda kuitambua sauti. Alikuwa Bonge, yule wa dawati la mbele, ambaye sasa ni mpishi katika mji wa saa mbili kwa treni. Bonge alikuwa amempata Twiga, dereva wa malori makubwa. Twiga naye alikuwa amempata Kinanda, kinyozi, yule ambaye darasani mdomo wake haukupata kufungwa.

"Watu wanne wa darasa moja, tumekuja kuzeekea nchi moja bila kujuana!" Bonge alisema. "Jumapili ijayo mnakuja kwangu. Sitaki visingizio."

Mama mdogo alicheka mpaka wenzake kazini wakamtazama. Baada ya kukata simu, furaha ile ikapoa kidogo. Aliwakumbuka wote watatu vizuri. Alikumbuka pia kwa nini hakuwahi kuwatafuta.

Jumapili hiyo jua liliwaka toka asubuhi. Bonge alikuwa amekonda hata jina limempwaya. Twiga aliinama kupita mlangoni, akajigonga kichwa vilevile, wakaangua kicheko. Kinanda alivua kofia, na kichwa chake kikang'aa kama sahani.

"Kinyozi mwenye kipara!" mama mdogo akasema. "Nani anakuamini na mkasi?"

"Nilianza kujifunzia kwangu mwenyewe," Kinanda akajibu.

Wakala, wakanywa, wakatania. Walikuwa watu wazima wenye shinikizo la damu na miwani ya kusomea, lakini kwa saa moja ile walirudi kuwa watoto. Hakuna aliyegusa lile jambo. Walilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo barabarani, kila mmoja akijua lilipo.

Saa tisa hivi kengele ya mlango ikalia.

Bonge alikwenda kufungua. Akaingia mwanamke wa rika lao, mnene, mchangamfu, mikono ameitanua. "Jamani! Mmeanza bila mimi!" Akamkumbatia Bonge, akampiga Twiga kofi la mgongo, akamwambia Kinanda kipara kimempendeza. Alipomkumbatia mama mdogo, koti lake lilikuwa limelowa chapachapa. Nje hapakuwa na hata wingu.

Akavuta kiti, akaketi katikati yao.

Alijua kila kitu. Alimwiga mwalimu wa hesabu alivyokohoa kabla ya kuchapa. Alikumbuka siku Twiga alipokwama dirishani akitoroka kipindi, na wimbo wa matusi aliotunga Kinanda. Wakacheka mpaka machozi. Ila kila alipowapa kisogo, walitazamana. Mtu unamwambiaje rafiki yako wa utotoni kwamba humjui?

Mama mdogo akamfuata Bonge jikoni. "Shoga, huyu ni nani?" akanong'ona.

Bonge aliacha kuosha glasi. "Si umekuja naye wewe? Nilidhani mmepanda treni moja."

"Mimi nimekuja peke yangu."

"Basi atakuwa ni wa Twiga."

Hakuwa wa Twiga. Wala wa Kinanda. Mama mdogo aliporudi mezani alianza kumsikiliza kwa sikio jingine, ndipo akagundua. Hadithi zote za yule mwanamke zilikuwa za darasa la kwanza, la pili, la tatu. Zilifika darasa la nne, muhula wa pili, zikakatika hapo. Wao walisoma pamoja mpaka la saba.

"Mnaikumbuka siku ile ya mvua?" mgeni akauliza, bado anatabasamu. "Kule kwenye kinu cha mafuta?"

Kicheko kikafa. Kinanda, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha, akafunga mdomo.

Siku ile walikuwa watoto watano. Walikwenda kucheza kwenye kinu cha mafuta kilichoachwa, mahali walipokatazwa kwa viboko. Mama mdogo alikuwa ndiye wa kuhesabu na kutafuta. Alichungulia kati ya vidole, akamwona mdogo kuliko wote, msichana waliyemwita Tone, akiingia kwenye tangi la chuma lililozikwa ardhini. Mvua ikaanza. Mlinzi akatokea na fimbo. Watatu wakatoka mbio mafichoni, wakajibanza na mama mdogo nyuma ya ukuta. Kutoka pale walimwona mlinzi akiburuta mfuniko mzito wa tangi, akaufunga ili maji yasiingie, akakaza na nati. Hakuchungulia ndani.

Wangeweza kupiga kelele. Waliogopa viboko.

Jioni walipoulizwa, walisema hawakuwa na Tone. Na mama mdogo, kwa kuwa mama yake Tone alikuwa amemshika mabega akilia, akasema jambo ambalo hakutumwa na mtu yeyote. "Nilimwona akielekea mtoni."

Mji mzima ukaenda mtoni. Wiki mbili.

"Nilisikia mlipokuwa mnakimbia," mgeni alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikasema moyoni, wakinikosa watasema. Ndiyo sheria ya mchezo, sivyo? Anayetafuta akishindwa husema, *Nimeshindwa, toka*. Nikasubiri. Mpaka leo hakuna aliyesema."

Twiga alisimama, kiti kikaanguka. "Wewe ni nani?"

"Nimechoka kujificha," akasema yule mwanamke. "Sasa ni zamu yenu."

Akanyanyuka. Akatembea mpaka ukutani, akaegemeza paji la uso wake, akaziba macho kwa viganja. Mwanamke mzima, wa miaka arobaini na sita.

"Moja," akasema.

Walikimbia. Watu wazima wanne, Bonge akiikimbia nyumba yake mwenyewe, wakishuka ngazi wanakanyagana. Hawakuagana. Nyuma yao, kupitia mlango ulioachwa wazi, walimsikia akisema, polepole kabisa, "Mbili."

Bonge alirudi na jirani baada ya saa moja. Hapakuwa na mtu. Kiti alichokalia mgeni kilikuwa kimelowa, na maji yake yalinuka mafuta yaliyoharibika.

Siku ya kumi na moja, mke wa Kinanda alitoka kazini, akamkuta mumewe ndani ya kabati la nguo. Magoti kidevuni, amekufa. Mlango wa kabati ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa nje.

Wiki iliyofuata wakampata Twiga. Alikuwa ndani ya sanduku la zana, lile la chini ya lori. Mtu aliyejigonga kila mlango alikuwa amejikunja mahali ambapo askari walisema hata mtoto angepata taabu kuingia. Hakuwa na jeraha. Kucha zake tu ndizo zilikuwa zimekwisha.

Bonge akapiga simu saa sita mchana. Mama mdogo alisikia pumzi kwanza.

"Sindano." Mnong'ono. "Nimepata pazuri. Hapa hanioni."

"Uko wapi? Bonge, toka huko! Niambie uko wapi!"

"Nawe jifiche. Usiniambie ulipo." Kisha, kwa sauti ya kitoto kabisa: "Kuna giza."

Simu ikakatika. Bonge hajapatikana mpaka leo.

Mama mdogo aliendelea kwenda kazini. Angefanya nini? Alilala taa ikiwaka. Alimwogopa yule mwanamke, lakini kilichomtisha zaidi kilikuwa ndani yake mwenyewe. Kila alipoona mahali penye nafasi ya kujibanza, mwili wake ulipataka. Chini ya meza. Nyuma ya boila la maji moto. Ndani ya matoroli ya mashuka machafu. Alikuwa anapima kwa macho: hapa naenea, pale sienei.

Alhamisi moja alikuwa anakunja mashuka. Akasikia mtu akihesabu.

"Tisini na tano."

Mashine zote zilikuwa zinanguruma, lakini sauti ile ilipita katikati yake, karibu, kama mtu yuko begani.

"Tisini na sita."

Kilichofuata alikijua aliposhikwa kiunoni na kuvutwa. Mwenzake wa zamu, mama mmoja mzito mwenye mikono kama ya mpiga makasia, alikuwa anampigia kelele. Mama mdogo alikuwa ndani ya pipa la mashine kubwa ya kufulia, miguu na kiwiliwili. Amejikunja vizuri. Kwa mkono mmoja alikuwa anauvuta mlango ufungike.

"Umerogwa wewe?" mwenzake akauliza. "Nilikuwa nabonyeza kuwasha!"

"Tisini na saba," ikasema ile sauti.

Mama mdogo alikimbilia uani, akampigia mama. Siku ile haikuwa Jumapili, kwa hiyo mama alijua kabla hajasikia neno kwamba kuna msiba.

"Dada," mama mdogo akasema, "Tone hakwenda mtoni."

Akamwambia yote. Mama hakumkatiza. Mwishowe akauliza jambo moja tu: "Mama yake alipokufa bado anauliza, wewe ulijua?"

"Nilijua."

Mama alikata simu. Ananiambia kwamba alikaa chini sakafuni, akitaka kumlaani mdogo wake, akashindwa. Kisha akajifunga kanga, akaenda kwa kaka yake Tone, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Akamweleza akiwa amepiga magoti. Yule kaka alichukua mitungi yake ya gesi, akaita vijana wawili wa karakana, wakaenda.

Kinu kilikuwa kimeota majani. Walifyeka, wakachimba, wakalipata tangi. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu, kwa hiyo kaka akakata chuma. Mama alikuwa amempigia tena mama mdogo, ameishika simu juu ili asikie.

Upande wa pili mama mdogo alikuwa amekaa uani kwenye zege, mwenzake amemshikilia mikono kwa nguvu. "Tisini na nane," alisikia.

Mfuniko ukanyanyuka. Harufu ikatoka. Vijana wakarudi nyuma. Kaka yake Tone akamulika ndani, akaitazama mifupa ile midogo na sweta la shule lililoizunguka, akatoa sauti ambayo mama hapendi kuieleza.

"Tisini na tisa."

"Dada!" mama mdogo akapiga kelele. "Iweke simu ndani! Iweke ndani!"

Mama akalala kifudifudi, akaushusha mkono wake ndani ya tangi, mpaka bega.

"Tumeshindwa," mama mdogo akasema. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, hajali. "Tone, tumeshindwa. Mimi nilikuona, nikadanganya. Tumeshindwa. Toka. Toka, mdogo wangu, toka."

Akangoja. Mashine zilikuwa zinanguruma ndani. Mia haikusemwa.

Walimzika Tone kesho yake, kando ya mama yake. Kaka yake hajawahi kuongea tena na mtu wa ukoo wetu, na hatumlaumu.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mama mdogo. Amezeeka kabla ya siku zake. Kabati zake hazina milango, amezing'oa zote, na hata chooni ameweka pazia. Lakini nilichokuja kukisimulia ni ukuta wa nje, kwenye ujia, pembeni mwa mlango wake. Pana doa. La duara, lenye mafuta, kama linaloachwa na paji la uso. Anasema mwenye nyumba amepaka rangi mara tatu na limerudi mara tatu. Liko chini ya kifua changu, usawa wa paji la mtoto wa darasa la nne.

Siku ya kuondoka, mama mdogo akiwa ndani anatafuta viatu, nililigusa. Lilikuwa na joto.