Boks ya Papa Orly na Saa ya Kinshasa

Fulgence Vahwere anauza piesi za pikipiki katika soko la Bunia. Ni mtu wa kuamka mapema na kucheka kwa sauti. Tena ni mtu wa funguo na turnevisi, yaani spana na bisibisi. Pikipiki ikikataa kuwaka, yeye anafungua, anatoa, anapuliza, anarudisha. Mara nyingi inawaka. Kwa hiyo Fulgence anaamini kwamba kila kitu duniani kinatengenezwa namna hiyo. Haya, tutaona.

Anaishi na mke wake Jeannine, muuza vitenge, na mama yake mzazi. Binti yao Orly anasoma Kisangani; ndiyo maana watu wanawaita Papa Orly na Mama Orly. Mama mzee huyo ana wajukuu wengi, na kila mtu mtaani anamwita Tate, yaani nyanya.

Wiki hiyo, mkoba wa Tate ulikuwa umekaa mlangoni. Kila aliyeingia alijigonga mguu. Mjukuu wake Yannick angepewa upadri Jumamosi, huko Butembo. Baba yake Yannick alikufa zamani, na Tate ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni, akamlisha, akamchapa, akamsomesha. Sasa mtoto anakuwa padri! Nani angemwambia Tate abaki nyumbani?

Lakini njia ya Butembo ni barabara ya Komanda hadi Beni, na kila mtu wa Bunia anajua kwamba watu wenye silaha huvizia magari huko. Anayeweza kuiacha, anaiacha.

"Mama, ile barabara haiko muzuri," Fulgence alimwambia. "Panda ndege."

"Ndege inasimamaka wapi njiani?"

"Haisimamaki njiani, Mama."

"Njo hivi. Mi sipande kitu yenye haisimamaki."

Tate alikuwa amepata nafasi katika gari la Moïse, dereva wa lori. Lori lingeondoka Ijumaa asubuhi. Fulgence hakulala vizuri. Mama yake, na uzee ule, juu ya mifuko ya maharagi, katika njia ile! Moyo wake ulikataa kabisa.

Ndipo akasikia habari njema. Tele-Kilima, televisheni ndogo ya Butembo, itaonyesha misa yote kupitia aplikasio yake. Fulgence akanunua boks, kile kisanduku kidogo kinacholeta intaneti kwenye televisheni. Akamwambia Tate: "Utaona misa hapa hapa, umekaa kwenye kiti yako."

"Nitaona kwanza," alisema Tate. "Mukoba ibaki mulangoni."

Boks ilipowaka, iliuliza nchi. Fulgence akachagua Kongo. Boks ikajiwekea saa ya Kinshasa. Basi, Bunia iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja nzima.

"Angalia iyi kitu!" alifoka Fulgence. "Siye tuko Bunia, inatupatia saa ya Kinshasa!"

Aliingia kwenye parameta, mahali pa kupangia mambo ya boks. Akaona neno linalosema saa ijipange yenyewe. Akalizima. Akaandika tarehe na saa kwa mkono wake. Akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha akatafuta Tele-Kilima katika duka la aplikasio la boks. Haikuwemo. Televisheni ndogo mara nyingi hazimo humo. Lakini kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, mtu fulani alikuwa ametuma faili. Maneno yake yalikuwa matamu: *Televisheni zote za dunia, bure, hata za Butembo!* Nani hapendi bure? Fulgence akaliweka faili kwenye kle ya USB, akachomeka kle kwenye boks. Boks ikamwonya kwamba faili halijulikani. Akabonyeza ndiyo. Ikamwonya tena. Akabonyeza ndiyo tena, kwa hasira kidogo.

Aplikasio ikafunguka. Ikatokea matangazo ya dawa ya kuotesha nywele. Ikatokea matangazo ya kubeti. Halafu ikatokea ukurasa mmoja: andika namba ya simu, na kode ya siri ya pesa za simu, ili kuhakikisha kwamba wewe ni mtu.

Fulgence aliinua telekomande, yaani rimoti, aanze kuandika.

"Papa Orly!" Jeannine alipiga kelele. "Weka ile telekomande chini!"

"Inataka kujua kama mi ni mutu."

"Mi nakujua. Uko mutu. Ile kode haiko ya kupea televisheni!"

Tate alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Aliutazama mkoba wake mlangoni. Fulgence aliona haya.

Alhamisi jioni, Jeannine alimwita jirani yao, Madame Rebecca. Huyu ni mwalimu wa informatiki, masomo ya kompyuta, katika shule ya sekondari. Alitoka Kpandroma, nchi ya viazi, na watoto wake wakati wa vita, na hadi leo hakuna anayeweza kumdanganya juu ya viazi. Aliitazama televisheni, akaona dawa ya nywele, akacheka.

"Papa Orly, weye kichwa yako iko na nywele bado. Hii ya nini?"

"Madame, usinicheke. Nisaidie."

"Umepea hii kitu kode yako?"

"Apana. Mama Orly alinikamata mukono."

"Mushukuru Mungu juu ya mama. Kama ungeiandika, leo tungekuwa tunakimbia kubadilisha kode, na kuita kampuni ya simu. Sasa tuitoe kwanza."

Wakaingia kwenye parameta, wakaichagua ile aplikasio mbaya, wakaifuta. Wakafuta na faili lake kwenye kle, lisije likarudi.

"Sasa sikiliza," alisema Rebecca. "Kuweka aplikasio yenye haiko mu duka la boks, haiko zambi. Lakini uliza: imetoka kwa nani? Ya Tele-Kilima tutaichukua kwa Tele-Kilima yenyewe. Hatutaichukua kwa kundi, hata kwa rafiki wa rafiki."

"Na tutajua namna gani kama ni ya kwao kweli?"

"Tutawauliza."

Alipiga simu Butembo kwenye ofisi ya Tele-Kilima. Mtu wa huko akamtajia anwani ya ukurasa wao, herufi kwa herufi. Rebecca akaufungua kwenye kompyuta yake. Akachukua faili hapo, akalitia kwenye kle.

Boks ikatoa onyo lile lile. Fulgence akataka kubonyeza ndiyo haraka haraka.

"Pole pole! Soma kwanza," Rebecca alimzuia. "Inasema: 'Sources inconnues'. Maana yake, mi sijue mwenye kutuma hii mugeni. Weye unamujua, tumemupigia simu. Basi mufungulie mulango, yeye peke yake. Akisha kuingia, utafunga mulango tena. Mulango ikibaki wazi, hata mwizi ataingia."

Walifungua. Aplikasio ikaingia. Ikaomba ruhusa ya kutumia intaneti, wakakubali.

"Kama ingeomba kusoma ujumbe zako ao majina ya watu kwa simu, ungefanya nini?" Rebecca aliuliza, kwa sauti yake ya darasani.

"Ningekataa. Misa haina kazi na majina ya wateja yangu."

"Njo hivi!"

Wakaufunga mlango tena. Fulgence akabonyeza alama ya Tele-Kilima. Kwaya ya Butembo ikajaa kwenye televisheni, sauti nne, ngoma, kila kitu.

Tate aliinuka. Akasogea karibu na kioo. "Yule wa pili ni binti ya Kavugho!" alisema. "Ayee! Amenenepa!" Akacheka mpaka akafuta macho.

Kisha akaomba simu, akampigia Moïse. "Mutoto yangu, nafasi yangu upe mwingine." Alipomaliza, alimgeukia Fulgence. "Nimeacha safari juu ya neno yako. Usinifanyishe haya mbele ya mujukuu yangu."

"Hapana, Mama. Jumamosi utaona."

Lori la Moïse likaondoka Ijumaa, salama. Ijumaa jioni mvua kubwa ikanyesha. Umeme ukakatika, ukarudi asubuhi. Hakuna aliyeshangaa. Hiyo ni Bunia.

Jumamosi, misa ilikuwa ya saa nne asubuhi. Majirani walikuja mapema na viti vyao. Jeannine alipika chai ya maziwa na mandazi. Tate alivaa kitenge kipya alichokiweka mkobani kwa ajili ya Butembo. Fulgence akawasha boks, akaiunganisha na intaneti ya simu yake, akabonyeza Tele-Kilima kwa fahari.

Kioo kikaandika: *Mawasiliano hayana usalama. Haiwezekani kufungua.*

"Ngojeni kidogo," alisema Fulgence.

Akazima, akawasha. Maneno yale yale. Basi akafanya kama kwenye pikipiki. Akaitoa aplikasio, akachomeka kle, akairudisha. Maneno yale yale. Akaitoa tena. Jasho lilimtoka. Rebecca alikuwa amekwenda Mahagi kwenye harusi ya dada yake.

"Fulgence," Tate aliita. "Juu ya nini iyi televisheni inasema ni usiku?"

"Mama, acha mambo ya saa. Tunatafuta misa!"

Tate aliegemea kiti chake. Alikunja mikono juu ya kitenge chake kipya. Majirani wakaangalia chai yao. Fulgence alimtazama mama yake. Lori lilikuwa limekwenda. Yeye ndiye aliyemwambia abaki. Kama Tate asingeona misa hii, angekaa na uchungu huo mpaka kaburini, na mwanawe vilevile.

"Mama Orly, lete simu yako," alisema. "Nampigia Madame."

Rebecca aliitika katikati ya makelele ya harusi. Fulgence alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Usiitoe tena ile aplikasio, haina kosa," alisema Rebecca. "Intaneti iko?"

"Iko. Picha za WhatsApp zinafunguka."

"Basi angalia saa ya boks. Na tarehe. Inasema leo ni siku gani?"

Fulgence alitazama pembeni ya kioo. Akafungua parameta. Macho yakamtoka.

"Madame! Inasema ni usiku, tarehe moja ya mwezi wa kwanza, mwaka ya zamani! Mwaka ile Orly alikuwa bado mu primere, masomo ya musingi!"

"Mama alisema," Jeannine alinong'ona. Tate alitazama dari, kama mtu asiyesikia.

"Kuran ya umeme ilikatika?" Rebecca aliuliza.

"Jana usiku."

"Na saa, nani aliipanga?"

"Mi mwenyewe. Kwa mukono."

"Njo ile! Boks nyingi hazina batri ya kushika saa. Kuran ikikatika, inasahau yote. Kama ungeacha saa ijipange, ingeuliza intaneti. Lakini uliizima. Sasa iko inaishi mu mwaka ya zamani."

"Na misa inakataa juu ya tarehe tu?"

"Papa Orly, unajua bariere ya barabarani. Tele-Kilima inafika na karatasi yake, imeandikwa mwaka huu. Boks inasoma, inasema: hii karatasi ni ya mwaka yenye haijafika, labda ni ya uongo. Inafunga bariere. Iko inakuchunga, lakini saa yake ni mbovu."

"Nifanye nini? Haraka, Madame!"

"Tafuta 'Date et heure', njo tarehe na saa. Washa ile uliyoizima. Halafu mahali pa saa ya eneo, toa Kinshasa, weka Lubumbashi."

"Lubumbashi! Siye na Lubumbashi wapi na wapi?"

"Saa ya Lubumbashi njo saa ya Bunia. Chagua, bwana, watu wanaingia kanisani!"

Fulgence alichagua Lubumbashi. Saa ikaruka, ikawa saa nne na dakika kidogo. Tarehe ikawa ya leo. Akabonyeza Tele-Kilima.

Kengele. Moshi wa ubani. Maandamano ya mapadri yalikuwa yanaingia kanisani.

Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Jeannine alimwaga chai. Kule Mahagi, Rebecca naye akapiga vigelegele, na watu wa harusi wakamjibu bila kujua sababu.

Baadaye jina likaitwa: "Yannick!" Kijana mrefu akasimama, akajibu: "Niko hapa!"

"Na mimi niko hapa!" Tate alijibu kwa sauti kubwa. Hakuna aliyecheka. Fulgence alilia waziwazi, wala hakujificha.

Kisha Yannick akalala chini kifudifudi mbele ya altare, na watu wakaimba litania. Kamera ikapita polepole nyuma yake. Tate akasogeza kiti. Akainama. Akakodoa macho. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mama, unalia?" aliuliza Fulgence.

"Niache. Niko nasali," alisema Tate, lakini alikuwa anacheka.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Yannick.

"Tate, niliangalia viti vyote. Nilisikia vibaya sana kwamba hukufika."

"Nani amekuambia sikufika? Inua muguu ya kuume, Padri. Angalia chini ya kiatu."

Kiatu kilisikika kikivuliwa. Halafu wote wakasikia padri mpya akipasuka kwa kicheko.

"Tate! Etiketi ya duka! Bado imebandikwa!"

"Kanisa muzima walikuwa nyuma yako na hawakuiona. Mi wa Bunia niliiona." Tate alimpa Jeannine ishara autoe mkoba mlangoni. "Sasa uitoe hiyo etiketi kabla ya misa yako ya kwanza ya kesho. Saa ya boks iko sawa, na mi nitaangalia tena."