Kamera Aliyoichagua Marcel

IJUMAA, KASULU

"Ukuta hauvunjwi," alisema Marcel. "Unachunguliwa."

Walikuwa watatu kwenye stoo, nyuma ya duka la spea la Bazilio. Bazilio ndiye mkubwa wao. Rashid ni dereva. Marcel ni fundi ujenzi, na ni mpumbavu: wiki iliyopita, pombe ya ndizi kichwani, aliropoka kwamba Bibi Josepha wa Mabamba ana dhahabu ya marehemu mumewe ukutani. Kuta mbili za tofali, uwazi katikati, kopo limening'inizwa humo. Ukuta aliujenga yeye. Kopo bibi alilitumbukiza mwenyewe, upande gani hajui.

Na Josepha ni mama yake wa ubatizo! Ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka Malagarasi, vita vikiwakimbiza kutoka Burundi. Mtu wa namna hiyo unamuuza kwa kikombe cha pombe. Kweli mdomo huponza kichwa.

Bazilio alitaka nyundo, bibi awepo asiwepo. Marcel akaogopa, ndipo akaleta wazo la kamera ya mafundi, ile yenye kichwa chembamba kwenye ncha ya waya, ya kuchungulia mabomba na injini. Tundu dogo chini ya paa, basi, hakuna wa kuumia.

Rashid alikuwa ameleta mbili.

"Hii unaiunga na simu," alisema. "Sote tunaona."

"Waya wake mlegevu," Marcel akasema. "Utajikunjakunja mle ndani. Huu mwingine ukiupinda unabaki ulivyoupinda. Una taa, na kioo chake unakishika mkononi."

"Na vikorokoro hivi?"

"Sumaku na ndoano. Sumaku iache, dhahabu haishiki sumaku. Ndoano ndiyo yetu."

"Fundi ana akili," Bazilio akacheka. "Chukua hiyo."

Marcel hakusema kwamba kioo cha mkononi anakiona aliyekishika tu. Bado hakujua atafanya nini. Alikuwa anaona aibu.

JUMAPILI, MABAMBA. KENGELE YA KWANZA

Kijiji kilielekea kanisani, Josepha mbele, kitenge kipya. Gari lilikuwa nyuma ya migomba.

KENGELE YA PILI

Marcel alipanda ngazi, akatoboa kwa keekee, akaingiza waya. Vumbi. Utando wa buibui. Kisha kopo lisilo na mfuniko. Ndani kitambaa cha bluu, maua meupe, na kwenye mkunjo wake kitu cha njano kikang'aa.

Kitambaa alikijua. Ilikuwa mbeleko yake. Utotoni, kila Krismasi, Josepha alimtolea amwonyeshe: "Hapa ndipo ulipolala njia nzima."

"Unaona nini?" Bazilio aliuliza kutoka chini.

"Matambara."

"Tazama vizuri."

"Matambara tu, kaka. Tuondoke."

"Shuka. Mpe Rashid."

Hapo fundi wetu alikuwa amejikaanga mwenyewe. Kamera aliyoisifia ilihifadhi kila ilichokiona, naye hakuwa na habari. Rashid akabonyeza mara mbili, ile njano ikarudi kwenye kioo.

"Bosi, huyu anatuzingua."

Nyundo ikampata Marcel begani, damu ikatoka. Bazilio akaugeukia ukuta.

KENGELE YA TATU

Marcel akapiga yowe. Kule ukilisikia yowe unatoka, hata kama padri yuko altareni. Asiyetoka huhesabiwa mwizi mwenzao. Kanisa lote likamwagika. Rashid akawasha gari, akamwacha mkubwa wake palepale. Bazilio wakamdaka migombani, wakamfunga kamba.

Walipomgeukia Marcel na fimbo, Josepha akajitupa katikati.

"Mwacheni! Huyu mwanangu! Ndiye aliyepiga yowe!"

Akamfuta damu kwa kitenge kile kipya. Watu wakampa hongera. Marcel alitamani wangempiga.

Kamera ilikuwa chini, taa bado inawaka. Josepha akaiokota.

"Wezi na vitu vyao! Hii ni nini, mwanangu?"

Angeweza kunyamaza. Bazilio alikuwa anamtazama, kamba mikononi, anatabasamu.

"Kamera, mama. Ya kuchungulia ukuta wako. Niliichagua mimi."

Mkono wa Josepha ukasimama begani pake. Kisha akauondoa, akarudi nyuma hatua moja, akajifunga kitenge chake upya.

Fimbo zikainuka tena. Safari hii hakuna aliyejitupa katikati.